Kujaribu mfumo wa mwelekeo wa setilaiti ndogo kabla haijaruka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaojenga setilaiti ndogo, hasa za familia ya CubeSat (zinazojengwa kwa vipande vya mchemraba), ambao algoriti yao ya kudhibiti mwelekeo imeshaandikwa, sensa zimefika, na limebaki swali moja linalowanyima usingizi: je, chombo kitageuka tunavyotaka? Majibu yanahusu programu zinazotumika kulijibu swali hilo chombo kikiwa bado mezani, pamoja na vifaa ambavyo programu hizo huviendesha. Nimejibu kwa urefu pale ambapo timu nyingi hukwama.

Programu ya majaribio ya ardhini hufanya kazi gani hasa?

Huifanya setilaiti iamini kwamba iko angani. Kompyuta ya mezani hukokotoa mahali ambapo chombo kingekuwa kwenye obiti, Jua liko upande gani, na uga wa sumaku wa Dunia una nguvu kiasi gani na umeelekea wapi. Kisha huyageuza hayo kuwa namba ambazo sensa zingetoa. Kompyuta ya chomboni huzipokea namba hizo, huamua, na kutoa amri kwa magurudumu ya mwitikio (yanayokigeuza chombo yanapobadili kasi) au koili za sumaku (zinazokigeuza kwa kusukumana na uga wa Dunia). Programu ya mezani huzisoma amri, hukokotoa chombo kingegeuka kiasi gani, na duru huanza upya, mara nyingi kwa sekunde.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuendesha vifaa vya maabara, yaani kizimba cha Helmholtz (koili kubwa zinazotengeneza uga wa sumaku), taa inayoiga Jua na meza inayoelea juu ya hewa, na kurekodi kila kinachotokea kwa kutumia saa moja. Timu nyingi hujenga nusu ya kwanza kwa bidii, halafu nusu ya pili zinaiungaunga wiki ya mwisho.

Tumeshafanya uigaji kwenye kompyuta na grafu zote zimetulia. Kwa nini tuhangaike na vifaa?

Kwa sababu uigaji hauoni waya. Hauoni sensa iliyofungwa kichwa chini, koili iliyosukwa kinyume, wala kebo mbili zilizobadilishana nafasi. Tarehe 2 Julai 2013 roketi ya Proton-M iliyobeba setilaiti tatu za GLONASS, mfumo wa Urusi unaofanana na GPS, ilipinda sekunde chache baada ya kuondoka na kuanguka, kwa kuwa sensa zake za kasi ya mzunguko zilikuwa zimefungwa zikitazama upande usio sahihi. Mwaka 1999 setilaiti ya utafiti TERRIERS ilifika kwenye obiti salama, lakini ikashindwa kuielekeza paneli yake kwenye Jua, na betri ikaisha. Chanzo kilichotajwa ni alama iliyogeuzwa ndani ya mfumo wa kudhibiti mwelekeo. Kutoa mahali pa kujumlisha.

Hesabu za mifumo hiyo zilikuwa sahihi. Kilichokosewa kilikuwa kati ya hesabu na chuma, na hapo ndipo majaribio ya ardhini yanapofanya kazi.

Nianzie wapi? Nasikia kuna hatua nyingi.

Ziko nne, na kila moja huondoa uongo mmoja. Kwanza unajaribu algoriti yenyewe, kwa kawaida katika Simulink au Python, ukiwa huru kubadili chochote. Pili unachukua msimbo halisi wa C au C++ utakaoruka, unauendesha kwenye kompyuta yako ukiwa umeunganishwa na kiigaji. Tatu unauhamishia kwenye kichakataji kile kile kitakachokuwa chomboni, na hapo unagundua kwamba hesabu iliyochukua milisekunde 1 sasa inachukua 60, au kwamba namba za desimali za biti 32 hazitoshi kwa kichujio chako, yaani hesabu inayokadiria mwelekeo kutokana na vipimo vya sensa. Nne unaunganisha sensa, magurudumu na koili halisi ndani ya kitanzi cha udhibiti.

Usiruke hatua ya pili. Ni rahisi kuliko zote na ndiyo inayofichua makosa mengi kwa muda mfupi. Sharti lake ni moja: uwe msimbo ule ule utakaoruka, si nakala yake iliyoandikwa upya "kwa ajili ya majaribio tu". Nakala ikiwepo, baada ya mwezi mmoja una programu mbili, na unayoijaribu siyo unayoirusha.

Kuna programu za bure ninazoweza kuanza nazo?

Zipo, na ni nzuri. Programu iitwayo 42, iliyoanzishwa na Eric Stoneking wa kituo cha Goddard cha NASA, imeandikwa kwa C na huiga mwendo wa chombo kimoja au vingi, pamoja na vyombo vyenye viungo vinavyokunjuka. Basilisk ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder ina kiini cha C na C++ chini ya Python, kwa hiyo ni ya kasi na ni rahisi kuandikia majaribio. Orekit, ya Java, na GMAT ya NASA hufaa zaidi kwa hesabu za obiti.

Kwa anayetaka kuona mfumo mzima ukifanya kazi kwa pamoja, NOS3 ya NASA huunganisha 42, programu ya chomboni iliyojengwa juu ya cFS (msingi wa NASA wa programu za chomboni), na vifaa vya bandia vinavyoongea kwa itifaki zile zile za vifaa halisi. Ilizaliwa pamoja na setilaiti ndogo STF-1, iliyorushwa Desemba 2018. Ushauri wangu: hata kama hutaitumia moja kwa moja, isome uone walivyotenganisha mambo. Programu ya chomboni haijui kama inaongea na magnetometa (sensa ya uga wa sumaku) ya kweli au ya kuigwa. Mgawanyo huo ndio unaoufanya msimbo uleule upite hatua zote nne bila kuguswa.

Dunia ya bandia ndani ya kiigaji inahitaji kuwa sahihi kiasi gani?

Inategemea unachojaribu. Kwa obiti ya chini, SGP4, kanuni ya kukokotoa mahali setilaiti ilipo, inatosha mwanzoni. Kwa uga wa sumaku tumia IGRF, modeli ya kimataifa ya uga huo, ambayo husasishwa kila miaka mitano. Angalia vipeo ulivyonavyo, yaani namba zinazoingizwa kwenye modeli, ni vya toleo gani, kwa maana uga wa Dunia unasogea mwaka hadi mwaka. Kwa Jua unahitaji mwelekeo na kivuli cha Dunia. Kwenye obiti ya kilomita 500 mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 95, na kivuli kinaweza kula zaidi ya theluthi moja yake. Kama kichujio chako hutegemea sensa za jua, muda huo wa giza ndio mtihani wake.

Usisahau inesha ya chombo, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa. Msambao wa uzito hubadilisha tabia ya mzunguko kuliko wengi wanavyodhani. Setilaiti ya Lewis ya NASA ilirushwa tarehe 23 Agosti 1997 na mawasiliano yakapotea siku tatu baadaye. Hali yake ya usalama, ile inayowaka tatizo likitokea, iliielekeza kwenye Jua kwa mhimili wa kati wa inesha (usio na inesha kubwa kuliko yote wala ndogo kuliko yote), ambao mzunguko wake hautulii, na hapakuwa na jairoskopu ya kupima mzunguko kuzunguka mhimili huo. Ikaanza kuzunguka bila mfumo kujua, ikapinduka, paneli zikaacha kutazama Jua na betri zikaisha. Kwa hiyo weka inesha kamili yenye vijenzi vyote tisa, si ile ya mchemraba safi, na uibadilishe kwa asilimia 10 huku na huku uone kama mfumo bado unatulia.

Kichujio chetu cha Kalman hakijawahi kushindwa kwenye uigaji. Je, kiko tayari?

Bado. Uliza kwanza: nani ametunga mtihani? Mara nyingi kiigaji na kichujio vinatumia faili moja ya uga wa sumaku, inesha moja, kelele za ukubwa mmoja. Mtahiniwa akijitungia mtihani, kufaulu si habari.

Tenganisha ukweli na imani. Upande wa kiigaji tumia IGRF kamili. Chomboni acha ile iliyopunguzwa ambayo kichakataji kinaimudu. Pindua kila sensa digrii moja au mbili kutoka mahali ambapo mchoro unasema iko. Ongeza mkengeuko wa jairoskopu unaopanda na joto. Chelewesha vipimo kwa milisekunde 200. Sensa za jua zipe mwanga unaoakisiwa na Dunia, kwa kuwa sayari yetu hurudisha takriban asilimia 30 ya mwanga inaoupokea na sensa ya bei rahisi haitofautishi mwanga huo na wa Jua. Halafu gandisha sensa moja kwenye namba ileile kwa dakika tano. Kichujio kinachovuka hayo yote kinaanza kustahili kuaminiwa.

Kizimba cha Helmholtz ni nini, na programu inakiendesha vipi?

Ni jozi tatu za koili kubwa, kila jozi kwa mhimili mmoja, na setilaiti hukaa katikati. Koili za duara hutenganishwa kwa umbali sawa na nusu kipenyo chao. Za mraba, ambazo ni rahisi kutengeneza, hutenganishwa kwa takriban 0.5445 ya urefu wa upande. Hapo ndipo uga wa katikati unakuwa sare. Ukiwa na koili za duara zenye nusu kipenyo cha mita 1, kila moja ikiwa na mizunguko 30, mkondo wa ampea 1 unakupa mikrotesla 27 hivi. Uga wa Dunia juu ya ardhi ni kati ya mikrotesla 25 na 65, kwa hiyo unaona kwamba vifaa vya umeme vya kawaida vinatosha.

Programu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuufuta uga uliopo chumbani, ambao unajumuisha wa Dunia, wa nondo za jengo, wa meza za chuma na hata wa gari linalopita nje. Ya pili ni kuweka mahali pake uga ambao setilaiti ingeuona angani, ukibadilika sekunde kwa sekunde. Fanya hivyo kwa kutumia magnetometa ya rejea iliyo karibu na chombo, ili programu irekebishe mkondo kulingana na kinachopimwa badala ya kuamini jedwali la jana. Pima pia ni kiasi gani koili ya X inavujia kwenye Y na Z. Hakuna kizimba kilichonyooka kabisa, na matriksi (jedwali la namba) ya vijenzi tisa huliondoa tatizo hilo kwa mchana mmoja wa kazi.

Algoriti ya kupunguza mzunguko inafanya kazi kwenye uigaji, lakini kizimbani inafanya mambo ya ajabu. Kwa nini?

Nadhani unazungumzia ile inayotumia badiliko la uga kwa muda: koili hutoa sumaku inayopinga badiliko hilo, na chombo hupungua kasi taratibu. Ni algoriti fupi na imara sana, ndiyo maana karibu kila setilaiti ndogo huanza nayo baada ya kutoka kwenye kasha la kurushia. Ikivurugika, kagua mambo matatu.

La kwanza, na mara nyingi ndilo, magnetometa inapima sumaku ya koili zenu wenyewe. Koili zikiwaka, uga wao kwenye sensa iliyo sentimita chache pembeni unaweza kuuzidi ule wa Dunia. Kwa hiyo zima koili, subiri mkondo ufe, pima, kisha washa. Kiigaji kilichoandikwa bila athari hii kitafaulu kila mara, na chombo halisi kitafeli kila mara. Iongeze kwenye kiigaji.

La pili ni vizio. Nanotesla na mikrotesla zinatofautiana mara 1,000. Ukizikosea, kipeo cha udhibiti, kinachoamua koili zisukume kwa nguvu kiasi gani, kinakuwa kikubwa mno au kidogo mno bila programu kulalamika.

La tatu ni alama. Hilo lina swali lake hapa chini.

Beringi ya hewa ndiyo jaribio la mwisho kabisa, si ndiyo?

Ni jaribio zuri, ila watu hulitarajia litoe kisichowezekana. Beringi hiyo, yenye umbo la tufe, huelea juu ya tabaka jembamba la hewa yenye shinikizo, kwa hiyo msuguano unakuwa mdogo sana na chombo kinaweza kugeuka karibu kwa uhuru. Tatizo ni uvutano wa ardhi, ambao haujaenda popote.

Chukua setilaiti ya kilo 4. Kitovu cha uzito kikiwa mbali na kitovu cha mzunguko kwa milimita 0.1 tu, uzito unatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya takriban milinewtoni-mita 3.9. Magurudumu mengi ya CubeSat hayafikishi hata 1. Sasa punguza kosa hadi mikromita 1, kazi ambayo itawachosha: bado inabaki mikronewtoni-mita 39. Koili ya sumaku ya ampea-mita za mraba 0.2, ndani ya uga wa mikrotesla 40, hutoa mikronewtoni-mita 8 basi. Yaani koili hiyo inashindwa na kosa la uzito lililo dogo kuliko unene wa unywele mara nyingi.

Kwa hiyo gawa kazi. Magurudumu yajaribu kwenye beringi, baada ya programu ya kusawazisha kusogeza vizito vidogo vilivyofungwa kwenye meza hadi meza iache kuyumba kama pendula. Koili zijaribu kwa njia nyingine: ning'iniza chombo kwa uzi mwembamba ndani ya kizimba. Kuzunguka mhimili wa wima uvutano hautoi torki, unabaki ukinzani mdogo wa uzi wenyewe, na utaona koili zikiupunguza mzunguko kwa macho yako. Ni mhimili mmoja tu kwa wakati mmoja. Unageuza chombo, unaning'iniza tena, mara tatu.

Na zima feni na kiyoyozi kabla ya kuanza. Upepo mdogo usiousikia usoni, meza inayoelea inausikia.

Jaribio la alama ni nini, na kwa nini mnalisisitiza hivyo?

Kama mna siku moja tu ya majaribio, lifanyeni hili siku hiyo. Kosa la usahihi linakupa chombo kinachoelekea pembeni kidogo, na mara nyingi unaweza kulirekebisha kwa kutuma vipeo vipya. Kosa la alama linakupa chombo kinachosukuma pale kinapopaswa kuvuta, na kila sekunde kinaharibu zaidi.

Jaribio lenyewe linafanywa kwa mikono. Shika setilaiti nzima, ikiwa imefungwa kama itakavyoruka, na uizungushe kuelekea chanya ya Z kwa kanuni ya mkono wa kulia. Jairoskopu lazima isome chanya kwenye Z. Siyo kwenye ubao wake. Kwenye fremu ya chombo (mihimili ya X, Y na Z ya chombo chenyewe), baada ya matriksi zote za kugeuza. Kisha tazama amri ya gurudumu. Hapa wengi hujichanganya: ili kuuzuia mzunguko wa chombo, gurudumu lazima liongeze kasi kuelekea upande ule ule ambao chombo kinazunguka, limeze momenta yake ya mzunguko. Torki inayokipata chombo ni kinyume cha ile inayolipata gurudumu. Ukiona gurudumu linaongeza kasi kinyume, usiibadilishe alama kwa haraka ili lipite. Tafuta ilipogeuka, maana alama mbili zilizokosewa hufichana, na mtu atakayerekebisha moja mwezi ujao atavunja chombo.

Koili zijaribu kwa dira ya kawaida. Washa koili ya X kwa chanya, weka dira mbele ya uso wa chanya ya X, karibu na kwenye mhimili wa koili: ncha ya kaskazini ya sindano lazima ielekee nje, mbali na koili. Rudia kwa hasi. Rudia kwa Y na Z. Magnetometa ielekeze kila mhimili wake kaskazini ya sumaku kwa zamu na usome namba. Sensa za jua zimulike kwa tochi moja baada ya nyingine, huku mwenzako akisoma kwenye skrini uso gani umewaka; mwenzako asione unamulika wapi.

Halafu fanya mnyororo mzima, kuanzia sensa halisi hadi gurudumu halisi, bila mtu kubadili chochote katikati. Andika matokeo, piga picha. Kebo yoyote ikichomolewa baada ya hapo, jaribio linarudiwa. Najua linachosha. Nimewahi kulifanya mara nne katika wiki moja, na mara ya nne ndipo tulipokuta plagi mbili zimebadilishana.

Kwaternioni zinatusumbua. Chombo kinageuka digrii 350 badala ya 10.

Kwaternioni, namba nne kwa pamoja zinazoeleza mwelekeo, ambazo William Rowan Hamilton alizigundua mwaka 1843, zina tabia moja ya kukumbuka: q na −q ni mwelekeo ule ule. Kidhibiti kisichojua hilo kitaiona tofauti ndogo kama kubwa na kuzunguka njia ndefu. Angalia sehemu ya skala (ile namba moja isiyo ya mhimili wowote) ya kwaternioni ya kosa, yaani ya tofauti kati ya mwelekeo uliopo na unaotakiwa. Ikiwa hasi, geuza alama ya vijenzi vyote vinne. Mstari mmoja.

La pili ni mpangilio. Wengine huweka skala mwanzo, wengine mwisho. Maktaba ya SciPy kwa kawaida huiweka mwisho. Maktaba ya Eigen ya C++ inaipokea mwanzo unapoiunda, lakini kwenye kumbukumbu inaihifadhi mwisho, na ukiutuma mfululizo huo kwa kebo kama ulivyo unapata mwelekeo ambao si wa mtu. Andikeni kanuni yenu kwenye karatasi ya kwanza ya mradi: skala iko wapi, kwaternioni inatoka fremu gani kwenda fremu gani. Kisha muwe na majaribio ya kiotomatiki yenye mizunguko inayojulikana, digrii 90 kwa kila mhimili, yanayoendeshwa kila msimbo unapobadilishwa.

Saa ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko inavyoonekana. Muda wa GPS uko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18 tangu Januari 2017. Ukizichanganya, chombo kinachokwenda kilomita 7.6 kwa sekunde kinajidhania kiko kilomita 137 mbali na kilipo, na upande wa chini kuelekea Dunia unakosewa kwa zaidi ya digrii 1. Kwa kamera ya kupiga picha za ardhi hiyo ni picha ya mahali pengine. Kiigaji kiwe na saa moja kuu, na kila kipimo kibebe muhuri wa wakati kilipochukuliwa, si kilipofika.

Tunaweza kutumia taa ya mezani kama Jua?

Kwa jaribio la alama, ndiyo, hata tochi. Kwa usahihi, hapana. Jua likitazamwa kutoka obiti ya Dunia lina upana wa digrii 0.53 na miale yake ni karibu sambamba. Taa iliyo mita 1 kutoka kwenye chombo inazipa sensa mbili zilizoachana sentimita 10 tofauti ya karibu digrii 6. Isogeze mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, au tumia lenzi ya kunyoosha miale. Kuta zipake rangi nyeusi isiyong'aa, la sivyo sensa zinasoma ukuta.

Kamera ya nyota ni jambo jingine. Hapo programu huchora anga kwenye skrini ndogo iliyo mbele ya kamera, nyuma ya lenzi ya kunyoosha miale, ikifuata mwelekeo unaokokotolewa na kiigaji. Usiku usio na mawingu nao ni maabara nzuri: ielekeze kamera juu, acha Dunia izunguke, na linganisha kasi iliyopimwa na digrii 15 kwa saa.

Tuendeshe uigaji mara ngapi kwa vipeo vya kubahatisha?

Kanuni rahisi: ukiendesha mara 300 bila kushindwa hata mara moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezekano wa kushindwa hauzidi asilimia 1 hivi. Ukitaka 0.1, zidisha kwa kumi. Hifadhi mbegu (namba inayoanzisha ubahatishaji) ya kila mzunguko wa kubahatisha, ili ule mmoja ulioshindwa uweze kuurudia neno kwa neno. Na uutazame kweli. Nimeona timu zikifuta mizunguko iliyoshindwa kwa kuiita ajali za kihesabu.

Setilaiti ikisharuka, vifaa vya majaribio tuvivunje?

Msivivunje. Setilaiti ya Hitomi ya Japani ilirushwa tarehe 17 Februari 2016, na tarehe 26 Machi ikakatika vipande. Ilikuwa kubwa, si ndogo, lakini mfuatano wake unamhusu kila anayeshika programu ya mwelekeo. Baada ya kugeuzwa, mfumo uliamini chombo kinazunguka kwa takriban digrii 21.7 kwa saa ilhali kilikuwa kimetulia. Magurudumu yakaanza kuuzuia mzunguko usiokuwepo, yakakizungusha chombo kweli, yakafika kikomo chake. Hali ya usalama ikawasha injini ndogo, na injini hizo zilikuwa na vipeo vilivyobadilishwa wiki chache kabla, baada ya nguzo ya vyombo vyake kurefushwa na uzito kubadilika. Vipeo hivyo vilikuwa na kosa, na vilipelekwa angani bila kuhakikiwa ipasavyo. Mzunguko ukaongezeka hadi paneli za jua zikang'oka.

Kwa hiyo weka mezani nakala ya kompyuta ya chomboni, kiigaji kinachoendesha toleo lile lile la msimbo lililo angani, na kanuni moja isiyo na ubaguzi: hakuna kipeo kinachotumwa juu kabla hakijaendeshwa hapo kwa mizunguko kadhaa ya obiti, pamoja na hali ya usalama ikilazimishwa kuwaka. Data zinazoshuka nazo ziingize kwenye kiigaji. Katika wiki ya kwanza mtajua inesha halisi ya chombo, sumaku iliyobaki ndani yake na makosa ya kweli ya sensa, vitu ambavyo kabla ya hapo mlivikisia. Virekebisheni kwenye kiigaji siku hiyo hiyo.